Kamera ya Plastiki na Picha ya Dada Yetu

Katika sanduku la bati la marehemu baba yetu, chini ya koti lake la kwendea kanisani na vyeti vya ubatizo vya watoto, imo kamera moja ya plastiki. Juu ni ya rangi ya buluu iliyofifia, chini ni nyeusi, na mbele limeandikwa jina la Diana. Mtu aishikapo mkononi mara ya kwanza hucheka, maana ni nyepesi mno. Tulipoipeleka shuleni ili watoto wa darasa la tatu wapate kuiona, walisema kwamba haina kitu ndani. Nao hawakukosea sana. Ndani mna uwazi mtupu, na mahali pa kuwekea mkanda, na kipande kimoja cha plastiki ing'aayo ambacho ndicho lenzi yake, basi. Lakini, wasomaji wapenzi, kitu hiki kilichofanyizwa kiwe karibu na mchezo wa watoto kimeshika jambo moja la nyumba yetu ambalo halikushikwa na chombo kingine chochote, nasi tumekuwa tukishindana na nafsi zetu juu ya jambo hilo kwa muda wa miezi mingi. Ndiyo sababu tumeshika kalamu.

Baba aliipata mwaka 1976, alipokuwa mwanafunzi wa ualimu. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa akirudi kwao Uingereza, akawagawia wanafunzi vyombo vya nyumbani mwake. Wengine walipata mablanketi, wengine sufuria; baba akapata kitu cha kuchezea cha mtoto wa yule mwalimu. Wenzake walimcheka muda mrefu. Mama atuambia kwamba hata walipooana bado palikuwa na watu waliomwita baba kwa jina la utani, Bwana Picha, ingawa kwa mwaka mzima hakupiga picha zaidi ya kumi. Mkanda ulinunuliwa Tanga mjini, ukasafishwa huko huko, na nauli ya kwenda na kurudi milimani kwetu ilikuwa juu ya bei hiyo. Kwa hiyo baba alipiga picha kama mtu atoavyo fedha mfukoni, moja kwa Pasaka, moja kwa harusi, moja mgeni akija. Na mkanda mmoja waweza kukaa ndani ya kamera mwaka na zaidi. Twaomba msomaji alikumbuke neno hili, maana msiba wa habari yetu umetoka hapo.

Chini ya kamera yamechapwa maneno madogo ya kusema kwamba imefanyizwa Hong Kong. Huu ni mji wa pwani ya China, uliokuwa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1997. Katika miaka ya 1950 na ya 1960 mji ule ulijaa viwanda vya plastiki: maua ya plastiki, wanasesere, vitana, mabeseni, kila namna ya vitu vidogo vya bei ya chini vilivyopakiwa merikebuni kwenda nchi za mbali. Plastiki huyeyushwa kwa moto mpaka iwe kama uji mzito, kisha husukumwa kwa nguvu katika kalibu ya chuma, nayo ikipoa hutoka ikiwa na umbo lake. Katika mtaa wa Kowloon kilikuwako kiwanda kiitwacho Great Wall Plastic Factory, na hicho ndicho kilichoitoa Diana katika miaka ya 1960. Iliuzwa zaidi Marekani na Uingereza kwa fedha kidogo sana, tena mara nyingine ilitolewa bure, iwe zawadi ya michezo au kivutio cha kununulia kitu kingine. Kamera iyo hiyo, au ndugu zake waliofanana nayo kama pacha, iliuzwa kwa majina mengine mengi. Kisha, katika miaka ya 1970, kamera ndogo zilizo bora zikawa rahisi kupatikana, na Diana ikaachwa. Hata ile iliyompata baba mwaka 1976 ilikuwa tayari kitu kilichopitwa.

Ufundi wake ni mchache, nao twaweza kuueleza wote. Mkanda wake ni ule mpana uitwao 120, ambao kampuni ya Kodak ya Marekani iliutoa kwanza mwaka 1901, na ambao hata leo ungali ukitengenezwa. Mkanda huo umeviringishwa pamoja na karatasi nyeusi kwa nyuma, na juu ya karatasi zimechapwa namba. Nyuma ya kamera pana kidirisha chekundu. Mpiga picha huzungusha kigurudumu kwa vidole, huku akikitazama kidirisha, mpaka namba itokee. Hapo huacha, naye yu tayari. Picha ni 16, na kila moja ni mraba wa sentimita nne hivi. Kando ya lenzi pana kijiti. Ukikibonyeza, kifuniko cha ndani hufunguka na kufunga kama kope. Kwa habari ya mwanga waliweka alama tatu tu, yaani jua kali, jua lenye mawingu kidogo, na mawingu. Na kwa habari ya umbali, kadhalika alama tatu. Hayo ndiyo yote. Mtoto wa miaka kumi aweza kujifunza kwa dakika tano.

Makosa yake ndiyo mengi. Lenzi ile ya plastiki huonyesha vema kilicho katikati, bali kila uendapo kando vitu hulegea na kufifia, na pembe nne za picha huwa na giza, hata utadhani mtazamaji alikuwa akichungulia katika tundu la ukuta. Kidirisha cha kuchungulia na lenzi yenyewe havipatani, hivyo mtu aliyesimama karibu aweza kukatwa utosi bila mpiga picha kujua. Mfuniko wa nyuma haukazi, na mwanga hujipenyeza katika ufa na kuchora mistari myeupe juu ya picha. Baba aliuzungushia utepe mweusi wa mafundi wa umeme, na juu ya utepe akafunga kipande cha kaniki kuukuu cha bibi yetu. Hata hivyo mwanga ulipita. Lakini kosa lililo kubwa ni hili: kile kijiti cha kupigia na kile kigurudumu cha kuzungushia havijuani. Kamera za thamani hukataa kupiga mara ya pili mpaka mkanda usogezwe mbele. Diana haikatai. Ukisahau kuzungusha, waweza kupiga mara mbili, tatu, hata kumi, mahali pale pale, na picha zote zitalaliana kama watoto wengi katika kitanda kimoja.

Siku ya Noeli ya mwaka 1993, baada ya ibada, baba alimsimamisha dada yetu mkubwa mbele ya mlango wa kanisa. Dada alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na gauni jipya ambalo mama alilishona mwenyewe kwa kitambaa chenye maua madogo. Sisi tulikuwa na miaka minne. Baba akapiga picha moja, kama desturi yake, akairudisha kamera katika mfuko wake wa kitambaa, watu wakaenda kula. Mkanda ulikuwa umefika namba 14.

Mwezi wa Februari uliofuata, darasa jipya la shule ya baba liliezekwa mabati. Wazazi walikuwa wamechanga kwa miaka mitatu, na baba alitaka ukumbusho. Akaitoa kamera, akapiga paa. Hakuzungusha. Zilikuwa zimepita wiki saba, naye bila shaka alidhani kwamba alikwisha kuzungusha siku ile ile ya Noeli. Au hakudhani neno lolote, maana mafundi walikuwa wakimngoja. Mwezi wa Machi dada yetu alishikwa na homa ya malaria siku ya Jumatatu, na usiku wa Alhamisi akafa.

Hapakuwa na picha yake nyingine. Kulikuwa na moja ya ubatizo ambayo yeye ni kitambaa cheupe mikononi mwa mama, na moja ya watoto wa shule ambayo yeye ni kichwa kimoja katika vichwa arobaini. Kwa hiyo nyumba nzima iliungoja ule mkanda. Baba alizimaliza picha mbili zilizobaki kwa kupiga ukuta, ili asiupoteze muda, akashuka Tanga. Aliporudi, mama asema, hakumpa picha mkononi. Aliziweka mezani, akatoka nje akaenda kukata kuni, naye hakuwa mtu wa kukata kuni usiku. Dada yumo. Amesimama mlangoni na gauni lake. Lakini mabati ya darasa yanapita kifuani pake toka upande hata upande, na boriti moja yapita begani, na fundi aliyepanda juu ya paa anaonekana kuchuchumaa karibu na sikio lake, mdogo kama kuku. Pembeni pana mstari mweupe wa ule mwanga wa ufa. Uso waonekana, ingawa umefifia. Mkono wake wa kulia hauonekani kuwa mkono, ni ukungu.

Tangu siku ile baba hakupiga picha tena kwa kamera hiyo wala kwa nyingine. Hakuna aliyemlaumu. Aliishi miaka ishirini na mitano baada ya hapo, akafundisha mamia ya watoto, akafa mwaka 2019. Nasi hatukumsikia hata mara moja akilitaja paa lile kwa jina la paa. Alisema, "lile darasa la juu."

Sasa tufike kwenye shida yetu. Tulipokuwa tukiandaa kuyajengea makaburi yao kwa saruji, mama alitaka picha mbili za kutundika ukutani, ya baba na ya dada, za ukubwa ulio sawa. Ya baba haikuwa na taabu. Ya dada tuliichukua, tukaipeleka mjini kwa kijana mmoja afanyaye kazi ya picha kwa kompyuta. Aliitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya saa moja." Na kweli haikuzidi. Aliondoa mabati. Aliondoa boriti na fundi na mstari mweupe. Macho yaliyofifia akayapa mboni, gauni akalipa maua mapya, na ule ukungu wa mkono akaufanya kuwa mkono, umetulia kando ya mwili, wenye vidole vitano vilivyonyoka. Tulimwuliza amevipata wapi vidole. Akatueleza bila kuficha kwamba mashine imefundishwa kwa picha za watu wengi mno, na pale palipopungua hukisia patakavyokuwa. Tulimlipa. Kusema kweli tulifurahi. Tulipanda basi tukiishika ile picha magotini kama mtu aliyebeba mayai.

Mama aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mtoto mzuri. Ni wa nani?"

Hakusema kwa uchungu, wala macho yake si mabovu. Aliuliza tu. Tulipomjibu alinyamaza, akaomba ile ya zamani, akaziweka mbili pamoja juu ya meza. Akaweka kidole juu ya ule ukungu wa mkono. "Hapa alikuwa akikuita wewe," akasema. Akatueleza ambalo hatukulijua kwa miaka thelathini. Siku ile ya Noeli baba alitaka tupigwe picha wawili, dada na sisi. Nasi tulikiogopa kile kisanduku, tukajificha nyuma ya kanga ya mama; na dada, badala ya kusimama kimya kama alivyoambiwa, akawa anatupungia mkono: njoo, njoo upesi. Baba akachoka kungoja, akabonyeza. Sisi hatukumbuki. Twakumbuka kanga ya mama, basi, na harufu ya pilau. Lakini mkono ule ulikuwa ukituita sisi, na yule kijana wa mjini, kwa hisani yake yote, ameushusha chini ukatulia.

Hapo ungeweza kudhani kwamba shauri limekwisha. Halikuisha. Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuja akakataa katakata ile ya zamani. Alisema ni aibu kumtundika mtoto mwenye boriti shingoni mbele ya wageni, kana kwamba nyumba ilimwangukia. Na watu wasiojua habari watauliza, nasi tutakuwa tukieleza msiba huu kila siku. Ndugu yetu mdogo aliye Dar es Salaam, aliyezaliwa baada ya dada kufa, aliipenda ile mpya, akaiweka katika simu yake. Alituambia neno lililotuchoma: "Ninyi mna dada wa kumkumbuka. Mimi sina. Niachieni huyu." Tungemjibu nini? Hatujamjibu mpaka leo.

Katika kuhangaika kwetu tulisoma habari za kamera hizi, tukashangaa kuona kwamba ng'ambo ziko katika heshima. Mmarekani mmoja, Bibi Nancy Rexroth, alianza kuitumia Diana karibu na mwaka 1970, alipokuwa akisomea upigaji wa picha katika jimbo la Ohio, na mwaka 1977 akatoa kitabu cha picha zake kiitwacho Iowa. Jimbo la Iowa ndiko alikokuwa akienda utotoni kuwatembelea jamaa. Lakini picha nyingi za kitabu alizipiga Ohio. Alikuwa akitafuta nchi ya utotoni mwake mahali pengine, na lenzi ile yenye ukungu ikamsaidia kuiona. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko huko Hong Kong, Bwana T. M. Lee alibuni kamera nyingine ya plastiki iitwayo Holga, nayo ikapendwa kwa makosa yale yale, hata picha ya Al Gore iliyopigwa kwa Holga na David Burnett, wakati Gore akigombea urais wa Marekani mwaka 2000, ikapata tuzo. Na mwaka 2007 kampuni ya Lomography ya Vienna ikaifufua Diana yenyewe, pamoja na giza la pembeni na uzito wake wa ganda, ikauzwa kwa bei ambayo watu wa Kowloon wa zamani wangeicheka.

Hatuwacheki wanaopenda ukungu. Ila twaona tofauti moja. Mtu mwenye picha mia zilizo safi aweza kuipenda moja yenye kasoro, kama mtu ashibaye apendavyo matunda ya porini. Baba yetu hakuutaka ukungu. Aliitaka sura ya mtoto wake, akapata sura na paa, na akalichukulia paa kuwa kosa lake hata kufa. Tungependa kama angeambiwa habari ya mkono. Mama asema hakuwahi kumwambia, kwa kuwa baba hakuruhusu picha ile itajwe. Na mama mwenyewe alidhani kwamba baba anakumbuka, maana ndiye aliyekuwa akitazama. Lakini aliyekuwa akitazama katika kidirisha kile, ambacho hakipatani na lenzi, aliona nini hasa? Huenda aliona gauni tu.

Mwisho wake, ukutani pa mama tumetundika ile ya zamani, na ile mpya tumempelekea ndugu yetu Dar es Salaam katika fremu. Shangazi hajaridhika. Akija huketi akiupa ukuta kisogo.

Yule ndugu, ili kutupoza, alitutumia mkanda mmoja wa 120, ambao aliupata kwa shida, na akatuambia yuko mtu huko asafishaye mikanda nyumbani kwake. Tuliubadilisha utepe mweusi, kaniki tukaiacha ile ile. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulimwomba mama asimame katika mlango ule wa kanisa. Jua lilikuwa kali, tukaweka alama ya jua. Mama akauliza, "Nisimame namna gani?" Tukamwambia asimame apendavyo. Akafikiri kidogo, kisha akauinua mkono wa kulia, akaanza kutupungia. Na watoto wetu wawili, waliokuwa nyuma yetu wakiangalia, wakadhani wanaitwa kweli, wakamkimbilia. Tukabonyeza wakiwa katikati ya njia.

Tukazungusha pale pale, mpaka namba 2 ikatokea katika kidirisha chekundu. Mama akauliza, "Umezungusha?" Tukajibu kwamba tumezungusha. Akaja akashika kamera, akatazama mwenyewe, akaturudishia. Tulipofika nyumbani akauliza tena.